Mwaka Niliomuua Masirori

Kosa kubwa nililofanya mwaka ule, na nalisema mapema kabla kaka yangu hajakusimulia kwa namna yake, ni kumuua Masirori. Nilimlisha mamba siku ya Alhamisi baada ya chai ya saa kumi, kwa maka peni ya mama, halafu nikanawa mikono nikaenda kucheza mpira. Usikimbilie polisi. Masirori alikuwa mtu wa kwenye karatasi, wa hadithi aliyoitunga mama kwa ajili ya kaka yangu Wambura, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano na hajui kusoma. Lakini kuna watu wa karatasi wanaoliliwa kuliko ndugu wa damu, na mimi nililijua hilo kabla sijafungua kifuniko cha kalamu. Ndiyo maana nilimchagua yeye.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya Krismasi iliyopita. Wambura alikuja nyumbani Bunda kutoka Musoma, anakotengeneza injini za mitumbwi, akaja na marafiki zake wawili wa kazini. Walipofika mlangoni akanitambulisha: "Huyu ni mdogo wangu, Manyama. Yuko Form Four. Ndiye aliyemuua Masirori." Mmoja wao akaurudisha mkono aliokuwa ameshaninyooshea. Mama alicheka jikoni mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. Kisha wakakaa, wakala pilau, na Wambura akaisimulia habari yote, kwa sauti za watu wote, akaigiza na mamba, na wageni wakawa wanajifuta machozi. Mimi nilikuwa nakula taratibu, na wivu uleule wa mwaka ule ukarudi, ukakaa kwenye kiti chake cha zamani. Yaani hata dhambi yangu mwenyewe anaisimulia vizuri kuliko mimi. Sasa na mimi nachukua kalamu, maana huku kwenye kuandika bado namshinda. Nadhani.

Mwaka ule tulikuwa darasa moja, la saba, mimi na miaka kumi na mitatu, yeye na hiyo kumi na tano na kandevu kanakojitafuta. Alikuwa amerudishwa darasa mara mbili, na mimi nikamfikia kwa nyuma kama pikipiki inavyoifikia baiskeli kwenye mlima. Alikuwa na tumbo lenye ratiba: lilimuuma kila kipindi cha Kiswahili, na likapona kengele ikilia. Akibanwa asome, alikuwa anasoma neno moja, anakohoa, anarudi nyuma, anasoma lingine ambalo halipo. Mimi ndiye niliyempa jina la Redio ya Betri Kuisha. Darasa zima lililichukua, na nilijisikia kama mtu aliyetoa wimbo. Na bado Wambura huyo huyo aliweza kufungua kabureta ya pikipiki na kuirudisha macho yakiwa kwingine, na tukienda mnadani aliweza kukwambia ng'ombe huyu ni wa nani kwa kuangalia tu sikio lilivyokatwa. Nyumbani kwetu Nyasura chumba cha mbele kilikuwa kila kitu: cherehani ya mama dirishani, meza ya kukatia vitambaa ambayo pia tuliiliaga ugali, na juu ya msumari marundo ya karatasi za kaki ambazo mama alichorea vipimo vya suruali na sketi za wateja. Ukikaa vibaya, sindano. Ukikaa vizuri, nyuzi. Katika chumba hicho mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa sifa. Kadi yangu ya matokeo ilibandikwa ukutani, ya Wambura ilikaa ndani ya droo ya vifungo. Lakini hata hivyo mtaa mzima ulimwita mama "Mama Wambura". Mimi naleta namba moja, jina anachukua yeye, kwa kuwa tu aliwahi kuzaliwa.

Mwezi wa pili mama alitupeleka Musoma kumwona mwalimu mmoja wa watoto wenye mahitaji maalumu. Mimi nilikwenda kwa sababu nilisema jino linaniuma. Ofisi ya yule mwalimu ilikuwa ndogo, mlango umeachwa wazi upepo wa ziwa uingie, na mimi nikawekwa kwenye benchi nje, mahali pazuri kabisa pa kusikilizia. Alimpima Wambura kwa vikadi na maneno karibu saa nzima. Halafu nikamsikia mama akiuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua: "Madamu, sema tu. Ni ujinga?" Mama ni wa Butiama, na L kwake ni herufi ya wageni. Kinywani mwake kila L ni R, na akiandika ni hivyohivyo.

"Sio ujinga, mama," yule mwalimu akasema. "Macho yake mazima, akili yake nzima. Ila herufi zinamchezea. Hii b, hii d, hii p, kwake ni mtu mmoja anayegeukageuka. Kuna jina lake. Disleksia."

"Disireksia," mama akasema polepole, kama anaonja chumvi.

"Mnampa vitabu gani?"

Nikasikia zipu ya mkoba. Mama alitoa kitabu cha darasa la pili, kile chenye sungura jaladani. Mwalimu akamgeukia Wambura: "Ulikipenda?"

Wambura akasema, "Madam, sungura amevaa suruali."

"Na wewe una ndevu."

"Ndiyo zinaanza, madam."

Walicheka wote watatu, na mimi nje nikacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nimecheka. Mwalimu akamwambia mama kwamba mtu wa miaka kumi na tano ukimpa sungura atajua unamtukana. Mtafutie jambo la umri wake, akasema, jambo ambalo anataka kujua mwisho wake, lakini liandikwe kwa sentensi fupi, herufi kubwa, nafasi nyingi. Asome kidogo kila siku, na mtu wa kumpenda awe pembeni. Hayo maneno ya mwisho niliyasikia vizuri sana. Tulipotoka tukala samaki karibu na ziwa, sato mmoja mkubwa wa kukaanga kwa watu watatu, na mama akachukua kichwa, kichwa ambacho siku zote yeye na mimi tuligombania kwa utani, akamwekea Wambura. Mimi akaniuliza jino linaendeleaje.

Basi ukaanza msako. Sijawahi kuona mtu akitafuta kitu cha kusoma kama mama mwaka ule, na hakuna aliyewahi kunitafutia mimi hata gazeti, maana mimi nilisomaga chochote, hata bei kwenye mfuko wa sukari. Ndiyo adhabu ya kujua. Alianza na magazeti ya michezo yaliyofungia maandazi. Wambura aliyataka kweli, lakini herufi zilikuwa ndogo kama dagaa na zimelowa mafuta. Akaleta vipeperushi vya kanisani. Wambura alisoma mstari mmoja kuhusu siku za mwisho, akauliza ni mwezi gani, mama akasema haijurikani, akavirudisha. Akaleta chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa alipenda ng'ombe. Hapo alifanikiwa kusoma "Tikisa kabla ya kutumia," na wiki nzima alitikisa kila kitu: chai, chumvi, mtoto wa jirani.

Halafu mama akagundua kanga. Kanga zina herufi kubwa, sentensi moja, na ujumbe wa watu wazima wenye pilipili. Alitandika zake tatu juu ya meza ya kukatia, na Wambura akazimaliza kwa siku nne, akicheka. "Jirani mwema hachungulii sufuria," alisoma, akakaa akifikiria ni nani kamwambia nani. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu huyu akirudia sentensi kwa hiari. Tatizo likawa kwamba za mama zilikwisha, naye alikuwa na njaa ya nyingine. Kanga yenyewe unajua maandishi yake hukaa wapi mwanamke akijifunga. Siku ya tano Mama Rhobi wa nyumba ya pili alikuja na mikono kiunoni.

"Mama Wambura, huyo kijana wako ananifuata kutoka bombani. Nikisimama anasimama. Nikigeuka, macho yake yako huku nyuma!"

"Anasoma," mama akasema.

"Anasoma nini huku?"

"Disireksia," mama akajibu kwa heshima zote.

Mama Rhobi aliondoka akiwa amejishika nyuma kwa mikono miwili, na mtaa ukajua kwamba mtoto wa kwanza wa fundi cherehani ana ugonjwa wa kutazama wanawake. Mimi nilicheka mpaka nikalala chini. Wambura hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba akafungua baiskeli yote, spoku moja moja, na hakuirudisha siku mbili. Mama alikaa kwenye cherehani bila kushona. Naikumbuka sura yake. Alikuwa anazitazama zile karatasi za kaki ukutani.

Jumapili iliyofuata mama akaenda na Wambura Butiama kwa bibi. Mimi niliachwa na maharage yachemke. Jumapili ya pili, maharage. Ya tatu nikasema jino limepona na nataka kumsalimia bibi yangu. Tulimkuta uani kati ya mawe makubwa, anamenya mihogo, na bila salamu ndefu akaendelea na hadithi aliyokuwa ameikatiza wiki iliyopita, akimtazama Wambura peke yake: habari za mwizi wa zamani aliyeiba fahali wa watu akamvalisha katambuga, vile viatu vya matairi, miguu yote minne, ili wanaofuata nyayo waone watu wawili wanatembea na si ng'ombe. "Wakafuata wee," bibi akasema, "wakasema hawa ni bwana na bibi harusi!" Wambura alicheka akampiga bibi begani. Walikuwa na vituko vyao tayari, maneno nusunusu wanayoyaelewa wawili, na mama alikuwa pembeni, mtu ambaye nilidhani hajaandika kitu tangu amalize darasa la saba, ana kijidaftari cha vipimo, anaandika. Kati ya "kiuno 32" na "mkono mfupi", fahali. Bibi akanipa muhogo mmoja akaniuliza niko darasa la ngapi sasa. Nilikuwa nimemwambia mara tatu.

Kutoka hapo ndipo alipozaliwa Masirori, kijana wa miaka kumi na saba anayemfuatilia mwizi aliyemwiba fahali wa baba yake, fahali mweusi mkubwa anayeitwa Kabati. Mama alimwandika kwenye kaki, kwa maka peni nyeusi, herufi ndefu kama kidole. Aliandika kama anavyokata nguo. Neno refu alilitenganisha kwa vistari vya chaki, pale ambapo mkasi ungepita, na Wambura akaambiwa alishone: a-ri-po-fi-ka, vipande vitano, unga, piga pasi, soma. Alikata boksi la nyuzi akalitoboa dirisha jembamba la mstari mmoja, ili mistari mingine isimrukie. Analisukuma chini, mstari mmoja unaingia dirishani, mwingine unatoka. Na mama, sijui alijifunzia wapi roho mbaya ile, alikatiza kila sehemu mahali pabaya. Masirori amejificha kwenye pango, anasikia kitu kinapumua nyuma yake. Karatasi imekwisha. Rudi kesho.

Kila siku baada ya chai ya saa kumi waliteremsha pazia kati ya chumba cha mbele na kile chetu cha kulala. Siku ya kwanza nilijaribu kukaa nao. "Wewe una vitabu vyako," mama akasema, "toka mrangoni, unamkatia mwanga." Basi nikasikiliza nyuma ya pazia, nikimsikia kaka yangu akikokota: "Ka-ba-ti... a-ka-ri-a." Nilikuwa natamani kumsaidia kwa kumpiga. Nilijua neno lenyewe kabla hajafika, nilitaka kujua kitakachofuata, na ilinibidi nisubiri ulimi wa Redio. Ikawa wakitoka mimi naingia. Nilikuwa nachota karanga mbichi kwenye debe la mama, nakaa chini ya meza ya kukatia, nasoma sehemu nzima kwa dakika mbili. "Masirori arirara porini bira kura chochote." Nilicheka ile R mpaka karanga zikanipalia. Kisha nikaacha kucheka kwa sababu Masirori alikuwa anapigwa na baridi, na mama alikuwa ameandika kwamba alikunja magoti akaweka mikono katikati, vile ninavyolalaga mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kitu. Niliisoma hadithi ile kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa.

Sasa niseme habari ya firigisi. Baba alikuwa anafanya kazi mbali, na firigisi ya kuku, ambayo ni ya mwenye nyumba, mama alinipaga mimi nikishika namba moja. Ndiyo ilikuwa zawadi yetu. Mwezi wa tano nikashika namba moja mkoa... samahani, kata, nikakimbia nyumbani na karatasi. Mama akasema, "Vizuri, baba," bila kuinua mguu kwenye pedeli. Siku hiyohiyo jioni Wambura akasoma sehemu nzima, yote, kwa mara ya kwanza bila mama kumwekea neno hata moja. Akachinjwa kuku. Nilikaa mezani na tabasamu la picha ya paspoti, nikaona mkono wa mama unachovya kwenye bakuli, unaitafuta, unaipata, unapita juu ya sahani yangu. "Reo ni ya ariyesoma," akasema. Wambura aliikata nusu kwa meno akaninyooshea nusu. Nikamwambia sili mate ya watu. Mpaka leo nikila firigisi naikumbuka ile nusu, ilivyokuwa inatoa mvuke kwenye vidole vyake, na alivyochelewa kuurudisha mkono.

Wakati huo mjomba Makuru, kaka yake mama anayefuga kule Mugeta, alikuwa ameshasema neno lake. Kwetu mjomba akisema, limesemwa. Alikuwa amekuja mwezi wa tatu, akanywa uji wote, akasema: "Dada, kijana wa miaka kumi na tano kukaa na watoto darasani ni aibu. Mimi sina mtu wa ng'ombe. Mwezi wa sita nakuja. Akisoma mbere yangu, nimekaa kimya. Asiposoma, ananifuata." Mama akakubali, kwa kuwa hakuwa na la kukataa. Wambura hakumkataa mjomba pia, lakini usiku huo aliniambia kitandani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba yeye anataka injini, na kwamba chuo cha ufundi hawamchukui mtu anayeshindwa kusoma fomu. Niliyajua yote hayo. Sitaki kusema sikujua. Nilijua kwamba akishindwa ataondoka, kitanda kitakuwa changu, na mama atabaki na mtoto mmoja na maka peni.

Mjomba alituma habari kwamba anakuja Ijumaa. Alhamisi baada ya chai hawakusoma, mama alitoka na Wambura kupeleka sare za watu, na sehemu ya kesho ilikuwa tayari juu ya meza, imekunjwa. Nikachukua kaki safi. Niliiga herufi zake, ndefu vilevile, vistari vya chaki vilevile, hata ile K yake inayopiga teke. Niliandika: Masirori akafika ukingoni mwa ziwa kule Bukima, na Kabati yuko ng'ambo ya maji, karibu kabisa, anamwita. Halafu nikaandika mengine ambayo utayasikia. Ya mama nikaiweka ndani ya fulana yangu. Nilijiambia ni utani. Mtu akijiambia hivyo peke yake chumbani, bila mtu wa kumcheka, ujue si utani.

Ijumaa mjomba alikaa kwenye kiti cha wateja, fimbo kati ya magoti. Mama alisimama kwenye cherehani. Mimi nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenifukuza. Wambura alivaa shati la shule lililopigwa pasi. Akaitandika kaki, akaweka lile boksi lenye dirisha juu yake, akaanza. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, sauti yake nzito, ya kukokota lakini haikatiki. Mjomba akainamisha kichwa. Kisha akafika kwenye neno, akasimama. "Ku..." akasema. "Ku... ku..." Akakaribia karatasi. Mjomba akapumua kwa pua, ile pumzi ya mtu anayesema si nilisema. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha mteja na alikuwa anakikunja, anakikunja. "Ku-li-ku-wa," Wambura akasema mwishowe, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Akaendelea. Na kwa sababu ya lile dirisha hakuweza kuona kinachokuja. Mimi niliona. Mimi nilikuwa najua kila mstari kabla haujaingia dirishani, na kila aliposukuma boksi chini nilitaka kusema acha, na sikusema.

"Ku-li-ku-wa na ki-ba-o. Ki-me-a-ndi-kwa: Ha-ta-ri. Ma-mba." Akasukuma. "La-ki-ni Ma-si-ro-ri ha-ku-ju-a ku-so-ma." Akasukuma. "A-li-ku-wa mji-nga ta-ngu ku-za-li-wa." Akasukuma, sauti imeshuka. "A-ka-i-ngi-a. Ma-mba a-ka-mla. Mwi-sho."

Mama alisema, "Hapana," si kwa mtu. Wambura akaliondoa boksi, akaiangalia karatasi yote wazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na kidole chake kikarudi juu, kikatembea, kikasimama, kikatembea.

"Mama," akasema. "Hii sio ya kwako."

"Sio yangu, baba."

"Najua. Wewe huna L." Akagonga kwa kidole. "Hapa kuna L. Hapa. Hapa nyingine. Mama hajawahi kuandika L hata siku moja. Yeye angeandika 'kurikuwa', 'rakini'." Akainua macho, akanitazama mlangoni, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Nyumba hii L ni za mtu mmoja tu."

Mimi bingwa wa kata, niliyeiga mpaka K inayopiga teke, nilikuwa nimesahihisha. Mkono wangu ulikataa kukosea hata kwenye uhalifu. Mjomba alichukua muda kuelewa, kisha akageuka kwa dada yake. "Huyu ameona arama," akasema. "Watu wazima wanauziwa ng'ombe wa wizi mnadani hawaoni sikio rimekatwa mara ya piri. Huyu ameona. Mimi nimekaa kimya." Akasimama achukue kofia. Ilikuwa imekwisha, Wambura ameshinda. Lakini Wambura alikuwa anakunja ile kaki, mara mbili, mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati. Akasema, "Mjomba, nisubiri. Nakuja na wewe."

"Umesoma, mwanangu. Hudaiwi."

"Ndiyo. Nakuja tu."

Aliingia nyuma ya pazia akatoka na mfuko. Mama hakumzuia. Akamfungia ugali wa mchana kwenye kitambaa cha mteja, kile alichokikunja, akakifunga vibaya. Wakaondoka kwa pikipiki ya mjomba, na mimi nikapata nilichokitaka: kitanda kizima, mama mzima. Jumamosi mama alinipakulia, akarudi kwenye cherehani. Nikampikia chai, akainywa. Nikatoa ile sehemu halisi kwenye fulana, imelowa jasho, nikaiweka mbele yake. Humo Masirori alikuwa anavuka maji kwa mtumbwi na kumshika Kabati pembe. Akaisogeza pembeni akaendelea kushona. Nilifanya vichekesho. Nilimwigiza mwalimu mkuu, nikamwigiza Mama Rhobi na mikono yake nyuma. Cherehani ikajibu peke yake. Usiku nilinyoosha miguu mpaka upande wa Wambura, na godoro lilikuwa baridi, na nikagundua kwamba nimekunja magoti na mikono iko katikati.

Jumapili baada ya kanisa mama hakwenda Butiama. Aliketi, akatandika kitambaa cha suruali ya mtu, akakichora. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimerudi mahali pangu bila kufikiri. Nikaona mkono wake unashuka, una kaki moja mpya na maka peni, ukabaki umening'inia mbele ya pua yangu. Kisha akaongea, na sijabadilisha hata herufi.

"Shika. Nirijua unasomaga, karatasi zangu zote zirikuwa zinanuka karanga. Wewe urifikiri yure anayerara amekunja magoti ni nani? Niriandikaga za watu wawiri, Manyama, na wewe ukaenda ukamuua. Sasa mfufue. Gari ya Mugeta inaondoka saa kumi, na kaka yako hawezi kurudi kwa mtu ariyeriwa na mamba."